Shajara ya kitalu cha marando: kikundi chetu cha jembe, Misungwi

Juni, wiki ya mwisho

Tumekata shauri. Msimu ujao kikundi hakinunui marando ya viazi vitamu, yaani vipande vya mashina vya kupandia, kwa mtu. Tutayalea wenyewe kiangazi kizima, na mvua ya kwanza ikinyesha kila kaya ya mwanachama iwe na mbegu mkononi.

Mgeni anaweza kushangaa kwamba watu wanaokula viazi namna hii wanakosa mbegu ya viazi. Lakini kuanzia Juni mpaka Septemba huku hakuna mvua ya kutegemea, na rando lolote lililobaki shambani ni mali ya ng'ombe. Oktoba ikifika, wengi wanasubiri viazi vidogo vilivyosahaulika ardhini vichipue vyenyewe. Vinachipua, ila polepole, na mara nyingi vinakuja na mdudu fukusi ndani na ugonjwa kwenye majani. Anayengoja hayo anapanda Desemba au Januari. Asiyetaka kungoja ananunua vifungu njia panda ya Usagara, vimekatwa jana au juzi katika shamba ambalo hajaliona. Msimu uliopita kaya kadhaa za upande wa mlimani zilinunua hivyo. Majani yalikunjamana, yakawa na manjano, na mavuno yake yaliishia kwenye sufuria ya siku chache.

Sisi tuko kando ya ghuba ya Ziwa Victoria. Maji yapo mwaka mzima. Hoja yenyewe ilikuwa hiyo tu. Muda uliobaki wa kikao tuligombania nani atamwagilia.

Kwa wale walioanza kusoma shajara hii sasa: kikundi hiki si SACCOS, chama cha akiba na mikopo, wala AMCOS, chama cha ushirika wa mazao. Kilianza kama kundi la kulimiana, la vijana wa zamani waliokuwa wakilima kwa ngoma chini ya nsumba ntale, na hadi leo kiongozi wa kazi tunamwita hivyo, ingawa kwenye karatasi za kata ameandikwa mwenyekiti. Tunalima mashamba ya wanachama kwa zamu. Ya wajane na ya wagonjwa tunayalima bila zamu. Tunachimba kaburi, tunapeleka maji na kuni msibani, na mwisho wa msimu tunachinja. Kiingilio ni jembe lenye mpini na siku moja ya kazi katika shamba la mtu ambaye si ndugu yako. Ngoma yetu ni bugobogobo. Wengi mmeiona kwenye makumbusho ya Bujora wakati wa sikukuu ya Bulabo, majembe yakirushwa na kudakwa. Huku inachezwa asubuhi, watu wakiwa na njaa, na udongo unageuzwa kweli. Bagalu wamo na Bagika wamo, yaani pande mbili za ngoma za Wasukuma zinazoshindana. Habari za waanzilishi wao, Gumha na Ngika, nani alikuwa na dawa kali kuliko mwenzake, hazizungumzwi kitaluni. Zina msimu wake baada ya mavuno, kwenye mashindano, na siku hizo nsumba ntale mwenyewe hajui ashangilie upande upi.

Julai, mwanzoni

Suala la mbegu ipi limetuchukulia muda kuliko yote, na ninaliandika kwa urefu kwa sababu akina mama wamesema mwaka jana liliandikwa kwa mstari mmoja.

Bahati yetu ni kwamba kituo cha utafiti cha Ukiriguru kiko wilayani kwetu. Wazee wanakijua kwa pamba, maana mbegu za pamba za Kanda ya Ziwa zimetoka pale tangu enzi za mkoloni. Siku hizi wanashughulika pia na viazi na muhogo. Vijana wawili walitumwa, wakarudi na maelezo na marando safi ya viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa: Kabode na Mataya. Kabode ina jina lingine la watafiti, NASPOT 10 O. Ilitolewa Uganda mwaka 2007 na timu ya Robert Mwanga, mtu ambaye mwaka 2016 alishiriki Tuzo ya Chakula Duniani pamoja na wenzake watatu, na viazi hivi vilikuwa sehemu kubwa ya sababu. Nilisoma hilo kikaoni kwa sauti. Mayu (mama) mmoja wa safu ya mbele akauliza kama huyo bwana amewahi kutengeneza michembe.

Hapo ndipo penye shina la ugomvi. Msukuma hapandi kiazi kwa ajili ya kukila kikiwa kipya kutoka shambani tu. Anapanda kwa ajili ya michembe na matobolwa: michembe ikiwa ni vipande vilivyokatwa vibichi na kuanikwa, matobolwa vikichemshwa kwanza ndipo vianikwe. Ndicho chakula cha Februari, ghala la mahindi likiwa limebaki vumbi. Kiazi kizuri kwa kazi hiyo ni kile chenye unga, kinachokauka upesi na kuwa kizito mkononi. Polista, aina ya kiazi tuliyoizoea, inafanya hivyo. Viazi lishe vingi vina maji zaidi. Ukikata kilo ile ile, unaanua kidogo. Kina mama hawakuwa wanabishana na lishe, walikuwa wanapiga hesabu ya debe.

Muuguzi wa zahanati alialikwa kwa upande wa pili. Alisema maneno machache yenye uzito: gramu 125 za kiazi lishe, yaani kiazi kimoja kidogo, zinatosha mahitaji ya siku ya vitamini A kwa mtoto ambaye hajaanza shule. Akasema pia jambo ambalo wengi hatukulijua, kwamba ile rangi ndiyo yenyewe, na jua kali linaiua. Ukianika viazi lishe juu ya mwamba kama tulivyozoea, vikapauka, umebaki na wanga. Anayetaka michembe ya lishe aanike kivulini au chini ya kitambaa, penye upepo, na asikae nayo miezi mingi.

Yule mayu wa mbele alijibu kwa utulivu: «Basi mwanangu, cha chungwa tule kikiwa kipya kutoka shambani, watoto washibe nacho Machi na Aprili. Cha kuanika tuachieni Polista.»

Ndivyo tulivyoamua. Nusu ya kitalu viazi lishe, nusu Polista. Polista haikutoka kituoni. Kina mama walipita mashamba ya mabondeni na kuchagua mashina yasiyo na dalili, tena si kwa macho ya haraka. Jani moja likiwa limekunjamana, shina zima lilikataliwa. Niliwahi kuona watu wakichagua mchumba kwa uangalifu mdogo kuliko ule.

Julai, katikati

Mahali. Kila mtu alikuwa ameshapanga akilini mwake kwamba kitalu kitakaa pale chini penye udongo mweusi, hatua chache kutoka majini. Ofisa wa mazingira akapita na kutukumbusha Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004: ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa hakuna shughuli ya kudumu. Tungeweza kusema kwamba kitalu cha kiangazi kimoja si cha kudumu, na wapo waliotaka tuseme hivyo. Lakini kikundi kinachotaka mbegu ile ile irudi kila mwaka hakiwezi kudai kwamba kinapita tu.

Swali likawa: mita 60 kutoka wapi? Mwaka 2020, ziwa lilipopanda kuliko ilivyowahi kupimwa hadi wakati huo, maji yalifika kwenye mizizi ya ule mwembe mkubwa na kukaa. Majaluba ya mpunga ya watu watatu yalipotea, na nyumba moja ya kuhifadhia nyavu ikaanguka. Wazee wakasema tupime kutoka kwenye alama ya 2020, siyo kutoka maji yalipo leo. Ofisa alikubali haraka sana. Nadhani hakuwa amezoea watu kuongeza umbali wenyewe.

Kwa hiyo kitalu kimepanda juu, kwenye kipande cha mwanachama mmoja aliyekitoa kwa kiangazi hiki. Malipo yake ni kikundi kumpalilia jaluba mpunga ukifika kimo. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Ipo hapa kwenye shajara, na nsumba ntale alipiga ngoma mara moja kuthibitisha, inatosha.

Maji sasa yanapandishwa kwa pampu ya kukanyaga na mpira mrefu. Ni kazi ya miguu, lakini ina faida ambayo muuguzi aliisisitiza: mtu hasimami majini na ndoo. Kichocho kimejaa ukingo huu wote, konokono wake wanaishi kwenye magugu ya ukingoni, na kusimama nusu saa asubuhi na nusu saa jioni kwa miezi mitatu ni kujitafutia ugonjwa. Kwa hiyo kanuni ni moja: mdomo wa mpira unawekwa kwa mtumbwi, mtu haingii majini. Watoto wamepigwa marufuku kabisa, jambo ambalo wanalivunja kila siku kwa kuogelea upande wa pili.

Julai, mwisho

Vitalu vimepandwa. Matuta bapa, nafasi ya sentimita 20 kati ya mistari na 10 kati ya rando na rando. Ni mbanano mkubwa, watu wazima walikuwa wakitikisa vichwa, lakini hapa hatutafuti viazi, tunatafuta majani.

Matuta mawili ya viazi lishe yako ndani ya neti: fito zimekunjwa upinde, neti ya matundu madogo imefunikwa juu na kuzikwa pembeni kwa udongo. Inzi weupe na vidukari ndio wanaobeba virusi kutoka shamba la jirani, na wakizuiwa humo marando yanabaki safi kwa muda mrefu. Hayo ndiyo mama wa kitalu. Mengine yote ya viazi lishe yatakatwa kutoka kwao.

Agosti, Nane Nane

Vijana walikwenda Nyamhongolo kuangalia maonyesho. Wamerudi na kofia.

Agosti, wiki ya tatu

Tumefiwa na mmoja wa waanzilishi. Kazi zote zilisimama, kama ilivyo desturi. Wanaume walichimba, mwamba ukatokea mapema, wakabadilishana sururu mpaka usiku. Kina mama walipeleka maji, kuni na unga kabla hata wanafamilia wa Geita na Kahama hawajafika. Kila jina liliandikwa, si kwa ajili ya sifa: asiyefika bila taarifa anatozwa faini, na asiyelipa faini siku yake ikifika atakuta watu wachache. Kanuni hiyo ni ngumu na nimewahi kusikia ikilaumiwa. Sijasikia aliyefiwa akiilaumu.

Marando hayajui msiba. Jua la Agosti halikutoa ruhusa, na kuacha kumwagilia kungetupotezea nusu ya kitalu. Mjane mwenyewe ndiye aliyesema kwamba marehemu alikuwa wa kwanza kutaka jambo hili, kwa hiyo watu wamwagilie usiku, bila ngoma wala wimbo. Wakafanya hivyo mpaka siku ya kuondoa matanga. Shamba lake limeingizwa kwenye orodha ya mashamba yasiyo na zamu.

Wanachama walioko migodini na mjini walituma michango kwa simu. Mweka hazina anaomba mtu akituma aandike jina, maana zipo hela mbili ambazo hatujui ni za nani.

Septemba, mwanzoni

Kiboko ameingia.

Alitoka usiku kupitia ule mfereji wa zamani, akapita juu ya ukuta wa miiba, akala matuta matatu ya Polista na kukanyaga mengine. Neti hakuigusa, sijui kwa nini. Asubuhi nyayo zilikuwa wazi mpaka majini. Hasira zilikuwa nyingi, na vijana fulani walianza kuzungumza mambo ya mikuki. Nsumba ntale aliwanyamazisha. Kwanza ni kosa la jinai. Pili, kiboko aliyejeruhiwa akarudi majini penye mitumbwi ya dagaa ni msiba mwingine, na kaburi lile la mwamba bado lilikuwa linauma mikononi.

Tulitoa taarifa kwa watu wa wanyamapori. Serikali ina utaratibu wa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama, lakini kitalu chetu hakifiki robo eka, na mtendaji wa kata alitueleza idadi ya fomu. Tukarudi kwenye majembe.

Wazee walisema kiboko hapendi kuinua mguu. Mwili mzito, miguu mifupi. Akikutana na shimo au kikingo anazunguka kutafuta njia rahisi. Kwa hiyo badala ya kuongeza miiba tumechimba handaki upande wote wa ziwa, udongo ukarundikwa ndani kama tuta, na juu ya tuta tumechomeka minyaa. Kazi ilikuwa ya ngoma, asubuhi mbili. Ningi wetu, yaani mwimbishaji wa ngoma, alitunga wimbo papo hapo kuhusu mgeni anayekula bila kunawa, na hata waliochelewa walichimba kwa bidii ili wasitajwe katika ubeti wa pili. Tangu hapo amepita nje mara kadhaa, nyayo zipo, ndani hajaingia.

Pigo lenyewe si dogo. Polista iliyobaki haitoshi kaya zote. Kina mama wamekata vipande kutoka mashina yaliyopona na kupanda upya, kwa sentimita 20 kila kipande, ili visogee kabla ya mvua.

Septemba, mwisho

Kikao kirefu kuliko vyote mwaka huu. Mfanyabiashara kutoka mjini alikuja kuona kitalu. Aliangalia majani, akahesabu matuta kwa macho, akataja bei ya kuchukua marando yote ya viazi lishe kwa pamoja, fedha taslimu, kabla ya mvua. Bei ilikuwa nzuri. Sitaiandika kwa sababu itatuletea wengine.

Vijana wengi walitaka kuuza. Hoja yao si ya kubeza: kwa fedha hiyo tungenunua pampu ya injini, na mwakani tungekuwa na kitalu mara mbili. Mmoja akaongeza kwamba mkopo wa halmashauri hatuwezi kuupata kwa urahisi, kwa sababu ile asilimia 10 ya mapato ya ndani imegawanywa 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, na sisi tumechanganyika, tuna wazee wa kiume wenye mvi ambao hawaingii popote. Tukitaka mkopo itabidi tugawanyike. «Basi tutaishi kwa kipi?» akauliza.

Mzee mmoja aliyewahi kuwa karani wa chama cha msingi alisimama. Alizungumzia pamba: jinsi wakulima wa Jimbo la Ziwa walivyojenga vyama vyao wenyewe, vikaungana mwaka 1955 kuwa Shirikisho la Victoria chini ya Paul Bomani, wakawa na viwanda vya kuchambua pamba walivyovimiliki. Kisha mwaka 1976 vyama vya ushirika vikavunjwa kwa amri moja. Vilirudi kwa sheria ya 1982, lakini yeye anasema kilichorudi hakikuwa kile kile. Mizani, maghala na malori yalichukuliwa. Kitu ambacho hakikuchukuliwa, alisema, ni kundi la jembe, kwa sababu halikuwa na chochote cha kuorodheshwa.

Nakubaliana naye kwa sehemu. Nadhani anasahau kwamba jembe peke yake halikumpeleka mwanawe shule. Pamba ya ushirika ndiyo iliyompeleka. Lakini juu ya marando alikuwa sahihi. Tukiyauza yote, mwanachama atarudi Usagara kununua, na uwezekano mkubwa atanunua marando yetu wenyewe kwa bei ya mtu mwingine.

Uamuzi: hakuna kuuza kabla ya wanachama na mashamba yasiyo na zamu kupata. Ziada ikibaki, vijana wauze na fedha iingie mfuko wa pampu. Na kuhusu wanachama, hakuna atakayelipa hela. Anayechukua kifungu kimoja anarudisha viwili marando yakishatambaa shambani kwake. Kifungu chetu ni marando 100, kila moja urefu wa kama sentimita 30. Viwili vinavyorudi vinakwenda kwa kaya mbili zisizo za wanachama, na hizo nazo zinadaiwa vilevile.

Kuna aliyelalamika kwamba deni la namna hiyo haliishi. Hilo ndilo lililonifanya nipige kura ya ndiyo. Deni la hela likilipwa, mtu anaweza asionekane tena mwaka mzima. Anayedaiwa marando lazima aje kulima, maana watu watapita shambani kwake kuyaangalia.

Oktoba

Mvua ya kwanza imenyesha usiku, ya pili siku mbili baadaye. Ya pili ndiyo tuliyoingojea. Ya kwanza mara nyingi ni ya kudanganya.

Ukataji ulianza alfajiri. Kina mama waliongoza kwa sababu wao ndio wanaojua mkono. Rando linakatwa sentimita tano hivi juu ya ardhi, sehemu ya chini inaachwa, kwa kuwa fukusi hutaga mayai karibu na shina. Kisu kilichokata tuta lenye shaka hakiingii tuta lingine. Vifungu vilivyokatwa vinalazwa kivulini chini ya magunia yenye unyevu. Vikikaa siku moja au mbili vinaanza kutoa mizizi na havidhuriki, vikikaa juani saa moja tu umetupa.

Mashamba yasiyo na zamu yalitangulia. Shamba la mjane wetu lilipandwa siku ya kwanza: matuta ya mita moja kutoka moja hadi jingine, rando kila sentimita 30, theluthi mbili ndani ya udongo. Ngoma ilipigwa kwa mara ya kwanza tangu msiba. Yeye mwenyewe alikuwa amepika ugali na dagaa, na alipotaka kushika jembe alifukuzwa.

Kisha zamu za kawaida. Sitaandika kila shamba.

Vifungu vya ndugu zetu wa Sengerema vilikwenda kwa pikipiki kupitia daraja la Kigongo–Busisi. Zamani hili lisingewezekana bila hasara. Ungefika Kigongo, ukangoja kivuko, foleni ya malori mbele yako, jua kichwani, na marando yakafika ng'ambo yamelegea. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 ni kilomita tatu za kupita moja kwa moja. Dereva aliondoka saa moja asubuhi, na saa nne picha za matuta yaliyopandwa zilikuwa zimefika kwenye simu ya mweka hazina. Nauli ililipwa kwa kuku. Dereva ameomba iandikwe kwamba kuku alikuwa mdogo.

Novemba na Desemba

Pamba imetuchukua wote. Kupanda kunafungwa katikati ya Desemba, na nafasi mpya ya sentimita 60 kwa 30 inataka kamba na watu wengi, hivyo kila zamu imekuwa ya pamba. Viazi vimepaliliwa mara moja. Yule aliyetoa kipande cha kitalu amepaliliwa jaluba lake kama ilivyoandikwa hapo juu. Alikuwa na wasiwasi bure.

Viwavijeshi vamizi wameonekana kwenye mahindi ya watu wawili. Wanashughulikia kwa kuwatoa kwa mkono asubuhi, wakiwa bado wadogo.

Januari

Marejesho yameanza, na ugomvi nao.

Kaya nyingi zimerudisha viwili kwa kimoja bila kuulizwa. Wengine wamerudisha vitatu kwa majivuno. Lakini wapo wawili walioleta vifungu vyenye majani madogo, yaliyokunjamana, yenye rangi ya kufifia. Kina mama walivikataa mlangoni mwa kitalu. Wenye vifungu wakasema walipewa vikiwa hivyo. Kina mama wakasema hapana, vilitoka safi, na wakaonyesha tuta la neti ambalo mpaka leo halina jani baya.

Ukweli unaonekana kukaa katikati. Shamba moja liko kando kabisa ya viazi vya zamani vya jirani asiye mwanachama, vimejaa ugonjwa, na inzi weupe hawaulizi uanachama. Mwenye shamba hakufanya kosa, lakini pia hatuwezi kupokea mbegu ile na kuipeleka kwa kaya nyingine mbili.

Nsumba ntale aliamua mambo matatu, na yote yamepokelewa isipokuwa moja. Kwanza, marando hayatakaguliwa tena yakiwa yamekatwa. Wakaguzi, ambao ni kina mama wanne waliochaguliwa, watapita shambani yakiwa yamesimama. Pili, mwenye shamba lililoambukizwa atasamehewa deni la marando na atalilipa kwa siku za kazi kitaluni kiangazi kijacho. Tatu, kikundi kitang'oa viazi vya yule jirani kwa idhini yake na kumpa vifungu safi bure, ili chanzo kiondoke.

Hilo la tatu ndilo lililokwama. Baadhi wanasema mtu ambaye hajawahi kuja kuchimba kaburi la yeyote hawezi kupewa mbegu ya bure. Wengine wanasema ugonjwa wake ni wetu tayari. Jirani mwenyewe ametuma ujumbe kwamba hataki cha bure. Anataka kuingia kikundini, na jembe lake lina mpini.

Kikao ni Jumamosi, baada ya zamu ya palizi ya pamba upande wa mlimani. Aje na jembe hilo saa kumi na mbili asubuhi, kwenye shamba la mtu asiye ndugu yake.